Jinsi ya Kuimba na Gitaa Bila Kutoa Mishipa ya Shingo

Ukitaka kuharibu wimbo mzuri mbele za watu, njia ya haraka kuliko zote ni hii: kamata gitaa, shika kodi ya G kwa kuwa ndiyo vidole vimeizoea, kisha anza kuimba. Ubeti wa kwanza utapita salama. Kwenye kiitikio kidevu kitapanda, shingo itarefuka, mishipa itatokeza na macho yatafumba yenyewe. Waliokaa nyuma watadhani umeguswa na Roho, kumbe unaisaka noti ambayo koo lako halijawahi kuwa nayo. Ukimaliza watapiga makofi, maana ni watu wa heshima, na mama mmoja atakuletea maji ya uvuguvugu.

Mwongozo huu ni wa mwimbaji huyo. Nampenda, nimemsikia kwenye send-off, kwenye jumuiya, kwenye mikesha na kwenye mabweni ya wanafunzi, na nasema bila kumung'unya maneno: sauti anayo. Kinachomponza ni kwamba amevikabidhi vidole kazi ya kuchagua ufunguo. Kodi za G, C na D ni rahisi kushika, basi kila wimbo duniani unaimbwa katika G. Ufunguo wa wimbo huchaguliwa na koo la anayeimba. Gitaa linafuata.

Kwa hiyo hatua ya kwanza ya kulipiga ni kuliweka chini. Liegemeze ukutani, simama, uimbe wimbo wako mtupu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Usiimbe kwa kunong'ona kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto, kwa sababu kila mtu anaponong'ona huuweka wimbo chini mno, halafu siku ya siku anapotakiwa kusikika hadi mlangoni sauti inakosa nguvu. Imba kwa ukubwa utakaouhitaji siku hiyo. Na kama utaimba ibada ya saa kumi na mbili asubuhi, usijipime saa mbili usiku. Koo lililotoka usingizini hukaa chini kidogo, na noti uliyoifikia jana jioni kwa raha itakukimbia alfajiri.

Ukishaimba mara moja, rudi utafute vitu viwili tu: noti ya chini kabisa ya wimbo na noti ya juu kabisa. Aliyewahi kupita kwaya yoyote ya kanisani ana mtaji tayari, kwa sababu anazijua do, re, mi. Nyimbo nyingi huishia kwenye do, kwa hiyo imba neno la mwisho, lishike, kisha panda na ushuke ukihesabu. Zile zenye majonzi mara nyingi huishia kwenye la. Usiamini ubeti wa kwanza. Watunzi wetu wana tabia ya kuanza chini kwa upole na kuhifadhi kilima chote kwa ajili ya kiitikio, na kuna ambao huweka noti ya juu kuliko zote kwenye mstari mmoja wa ubeti wa tatu, mahali ambapo hakuna aliyejiandaa.

Tuchukue mfano wa vitendo. Wimbo wako unaanzia so ya chini na kilele chake ni la ya juu ya do. Hiyo ni oktava moja na toni moja juu yake, upana wa kawaida kabisa ambao koo lisilo na mafunzo linaweza kuubeba, alimradi uwekwe mahali pake. Ukiupiga katika G, so ya chini ni D na ile la ni E. Sasa lichukue gitaa. Piga uzi wa nne wazi: hiyo ndiyo D ya chini kwa mwanamume. Piga uzi wa kwanza wazi, ule mwembamba: hiyo ndiyo E ya juu. Iimbe kwa neno lenyewe la wimbo, mara tatu mfululizo, bila kupumzika katikati. Kwa wanaume wengi, hapo ndipo sauti ya kifua inapoanza kugoma. Mara ya kwanza utaipata kwa ujasiri. Mara ya tatu itakwambia ukweli.

Kipimo changu ni kimoja: noti ya juu iwe ile unayoweza kuishika na bado ukatabasamu. Ukihitaji kukunja uso, shusha.

Ndugu yetu wa mfano amegundua kwamba anatabasamu hadi D, si E. D hiyo iko kwenye uzi wa pili, freti ya tatu. Kutoka E hadi D ni nusu toni mbili, basi wimbo mzima ushuke nusu toni mbili, kutoka G hadi F. Noti yake ya chini sasa ni C, uzi wa tano freti ya tatu. Aijaribu, na ikisikika bila kukwaruza, kazi ya koo imekwisha. Na hapa ndipo wengi hughairi. Wakisikia F wanakumbuka ile kodi ya kulaza kidole cha shahada na kukandamiza nyuzi zote sita, mkono unakufa ganzi kabla ya aleluya, wanarudi kwenye G yao na kwenye mishipa ya shingo.

Usirudi. Kapo, kile kibanio kinachokandamiza nyuzi zote sita kwenye freti moja, ilibuniwa kwa ajili yako.

Kila freti unayopanda na kapo huongeza nusu toni. Watu hulalamika kwamba kapo hupandisha tu na wao wanataka kushuka, na hawajakosea: ukiendelea kushika mikao ya G, kapo itakupeleka juu tu. Siri ni kubadilisha mkao. Shika mikao ya ufunguo ulio chini ya ule unaoutaka, kisha kapo ikupandishe hadi pale. Unataka F? Kutoka D hadi F ni nusu toni tatu. Weka kapo freti ya tatu, na palipokuwa na G shika D, palipokuwa na C shika G, palipokuwa na D shika A. Vidole vinacheza kodi nyepesi za D, masikio yanasikia F, koo linapumua. Ungeweza pia kuweka kapo freti ya tano ukashika mikao ya C, au freti ya kwanza ukashika mikao ya E. Mimi hupendelea freti ya tatu. Ukivuka ya tano nyuzi zinakuwa fupi, sauti inanyauka na gitaa linapoteza kifua chake. Mikao inayokaa vizuri chini ya kapo ni mitano: C, A, G, E na D. Katika hiyo mitano hakuna ufunguo utakaokukosa.

Sasa mwite dada yake ndugu huyu auimbe wimbo uleule. Katika G kilele chake kinaangukia E iliyo oktava nzima juu ya ile ya kaka, na yeye tabasamu lake linaishia B, uzi wa kwanza freti ya saba. Kutoka E hadi B ni nusu toni tano kushuka. Wimbo unahamia D. Anaondoa kapo, anashika D, G na A. Tazama jambo linalonifurahisha kila ninapolionyesha kwa wanafunzi: kaka na dada wanashika kodi zilezile, kwa vidole vilevile, wimbo uleule, na kinachowatenganisha ni freti tatu za kapo. Wakitaka kuimba pamoja wasipigane kutafuta ufunguo wa kuwaridhisha wote kwenye sauti ya kwanza. Mmoja ashike wimbo katika ufunguo wake, mwenzake aingie na sauti ya pili.

Mwanamume anayejifunza wimbo kutoka kwa mwimbaji mwanamke, au kinyume chake, akumbuke hesabu hiyo. Kushuka oktava nzima mara nyingi kunamtupa shimoni, na kubaki palepale kunamnyonga. Ufunguo wake kwa kawaida utakuwa nusu toni tano au saba kutoka ule wa rekodi. Aanzie hapo.

Na hili la rekodi linahitaji kusemwa kwa sauti kubwa. Kijana anasikiliza wimbo redioni, anautafuta ufunguo wake kwa bidii, anaupata, anajivunia, kisha anaimba humo humo hata kama unamuua. Fadhili William aliyeurekodi Malaika na Miriam Makeba aliyeuimba mbele ya dunia hawakuwa na koo moja, na wimbo haukumlaumu yeyote kati yao. Ufunguo wa rekodi ni kipimo cha koo la aliyerekodi siku ile, na kuuvaa wewe ni kuvaa viatu vya mtu mwingine kwa sababu umependa anavyotembea. Vivyo hivyo kwa nakala za kwaya zilizoandikwa juu yake kwamba do ni G au do ni B bapa. Mtunzi alipanga sauti nne za watu waliofanya mazoezi. Wewe uko peke yako na gitaa kavu.

Kuhusu gitaa kavu na sauti moja, sikiliza nyimbo za Kiswahili ambazo mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi mpiga gitaa wa Kongo, Jean Bosco Mwenda, kule Jadotville, leo Likasi, mwaka 1952. Vidole vinafanya kazi ya watu wawili, lakini sauti haijakamuliwa hata kidogo, iko karibu na ya mazungumzo. Anayepiga peke yake hana tarumbeta za kumfichia noti iliyopasuka. Ndiyo maana nasisitiza nafasi: chagua ufunguo unaokubakizia walau nusu toni moja juu ya kilele. Na kama una mpango wa kupandisha wimbo kwenye kiitikio cha mwisho ili watu wasimame, hiyo nusu toni au toni ya kupandishia ihesabu tangu mwanzo, usiikope ukiwa umeshafika juu.

Jambo moja ambalo vitabu vya gitaa vya wenzetu havilisemi, kwa sababu havikuandikwa kwa ajili ya lugha yetu. Kiswahili karibu kila silabi huishia kwenye irabu, kwa hiyo noti yako ya juu itaangukia irabu, na si irabu zote zina huruma sawa. Kilele kikiangukia a, kinywa kinafunguka na sauti inatoka. Kikiangukia i au u, midomo na ulimi vinabana njia, na mtu anayefika D kwa a anaweza kukwama nusu toni chini yake kwa i. Kwa hiyo ukipima kilele, pima na neno lake, na upime beti zote. Ubeti wa kwanza unaweza kukupa a mahali ambapo wa pili umekuwekea i. Ukikwama kwenye i, ilegeze kinywani iegemee e kidogo. Hakuna atakayeijua isipokuwa koo lako.

Huna kapo? Tafuta penseli fupi yenye pembe na kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli. Laza penseli juu ya nyuzi nyuma tu ya freti, zungusha mpira nyuma ya shingo, kaza hadi nyuzi zote sita zilie wazi bila kukereza. Ukishaifunga, penseli au kapo ya dukani, pima tena nyuzi. Mgandamizo huzivuta juu kidogo, na wengi wanaolalamikiwa kwamba wanaimba nje ya ufunguo wamesalitiwa na gitaa walilolipima kabla ya kufunga kapo.

Ukiwa unawaongoza watu wote waimbe, sahau koo lako. Noti ya juu isivuke D, na ikiwa ni mkesha, C inatosha. Wanaume watakaa oktava chini, wanawake juu, watoto watakuwa na wanawake, na wewe kama hupendezwi na ufunguo huo piga tu gitaa uwaachie kuimba.

Ukipata ufunguo wa wimbo, uandike palepale kwenye daftari: jina la wimbo, ufunguo, mkao, freti ya kapo. Usitegemee kumbukumbu. Ukifika ukumbini na hofu imeshakupanda, kichwa kitakumbuka G tu.

Halafu kuna siku ambayo maandalizi yote haya hayatakufaa, kwa sababu bibi wa mstari wa mbele ataanzisha wimbo kabla hujagusa uzi, na atauanzisha katika ufunguo wake. Usimkatize, na usimvutie kwako kwa kupiga kwa nguvu. Ufunguo wake ndio sahihi, ameuchagua kwa koo. Msikilize hadi mwisho wa mstari, ushike do yake kwa mguno wa chini, kisha uitafute kwenye uzi wa sita, ule mnene, ukipanda freti moja moja kwa mguso mwepesi. Freti utakayoikuta ndiyo ya kufungia kapo, na mikao yako ni ya E. Kama do imepita freti ya tano, itafute kwenye uzi wa tano, funga kapo hapo, shika mikao ya A. Kwa mkono uliozoea, kazi hii inaisha kabla ya kiitikio. Na ikiwa do ya bibi imeangukia katikati ya freti mbili, jambo ambalo hutokea mno, laza gitaa mapajani na upige makofi. Kwenye ubeti wa pili atakuwa amepanda kidogo, mjaribu tena.