Itaingia Tu

Mwenye Peugeot 504 hapa Kuze, Mombasa, hana haja ya fundi. Watu wa barza wanamtosha. Likizima mbele ya muuza kahawa, boneti haijafunguliwa tayari mmoja keshasema ni kabureta, wa pili anaapa ni plagi, na mzee ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli anatikisa kichwa: "Hiyo ni koili, mwanangu. Mimi naisikia tangu juzi."

Langu ni stesheni wagoni ya 1982, urithi wa marehemu baba. Enzi zake 504 lilikuwa gari la kutajwa. Ove Andersson alishinda nalo Safari Rally mwaka 1975, Jean-Pierre Nicolas akashinda nalo tena 1978, na kwa miaka mingi yaliunganishwa humu humu Kenya. Ungedhani spea zake zaokotwa njiani. Jaribu kuuliza dukani Mwembe Tayari. Kijana wa kaunta atakutazama kwa huruma kisha akuulize kwa adabu: "Mzee, kwani Probox hukuiona?"

Ekzosi ilipoliwa na chumvi ya bahari, fundi wangu aliniagizia nyingine Kirinyaga Road, Nairobi. Ikaja kwa basi, mpya, yameremeta, na ni ya saluni. Sasa 504 ya saluni, kutoka gurudumu la mbele hadi la nyuma, ni mita 2.74, wagoni ni mita 2.90. Fundi akalala chini ya gari, akapima kwa shubiri, akatoa kichwa.

"Sentimeta 16 si kitu, ami. Itaingia tu."

Akaunga kwa kipande cha bomba ambacho, ukikitazama vizuri, kiliwahi kuwa mguu wa kitanda. Na kweli iliingia. Ila tangu hapo, nikikaribia msikiti wakati wa sala, huzima injini nikaomba vijana wanisukume mpaka mbele.

Ikabaki taa. Gari lina upana wa mita 1.69, na kuna vichochoro vya Kuze ambavyo, jirani akishatoa karai lake la viazi, havifiki hapo. Mkokoteni wa maji ukataka kupita, nami nataka kupita, taa ya kulia ikalipa. Mpwa wangu yuko Sharjah, kwenye maduka ya spea kuukuu yasiyo na mwisho. Hakuchelewa kupiga simu: "Mjomba, nshaipata. Jenuini!" Taa ikasafiri ndani ya begi la mtu, imeviringwa kanzu, ubavuni mwa mikebe ya halwa. Ikakaa mahali pake bila nyundo. Barza nzima ikasema mashallah.

Usiku ndio tukajua. Kule wanaendesha kulia, kwa hiyo taa imekatwa imulike ukingo wa kulia wa barabara. Kwetu, kulia ndiko anakotoka mwenzio. Pale Makadara dereva wa tuktuk alisimama, kiganja usoni.

"Ami, punguza taa!"

"Nshapunguza!"

"Basi zima!"

Barzani, bwana mmoja mwenye shemeji baharia akajitolea kuniagizia nyingine kutoka Nigeria, kwa kuwa 504 ziliundwa Kaduna miaka mingi. Nikamkumbusha kwamba Nigeria nao walihamia kulia mwaka 1972. Akanyamaza, akapiga funda la kahawa, akauliza: "Kwani hukuijaribu juu chini?"

Hao ndio washauri wangu, na hawatozi senti.

Basi, msomaji, kama uani kwenu, iwe Likoni, Lamu au Tanga, kuna 504 limelala chini ya mkorosho, taa yake ya kulia ni nzima na miaka yake yote liliendeshwa upande wetu huu wa barabara, nitafute. Ulizia Kuze kwenye kahawa, bei tutaelewana. Ila nakuomba uje nayo mkononi tuijaribu mchana na usiku. Usinipigie simu kuniambia itaingia.