Puti Haipendi Mvua

(Jumapili asubuhi, uwanja wa mbio za farasi, Barabara ya Ngong, Nairobi. Maonyesho ya magari ya kale. Manyunyu yamegeuka mvua. Wenye magari wamekimbilia hemani kwenye chai. Magari yamebaki nje, moja likiwa limeshikiwa mwavuli na kijana wa kibarua. Ng'ambo ya kamba ya uwanja limeegeshwa gari aina ya Probox lililoleta viti na masufuria.)

PEUGEOT 404: Wewe kijana, sogeza mwavuli! Tone limeniangukia kwenye boneti!

DATSUN 240Z: Tone moja, mzee, na unapiga yowe. Na hapo mlangoni umebandikwa namba ya Safari Rally.

PEUGEOT: Heshima, bwana mdogo. Sisi akina 404 tuliitwaa Safari 1963, 1966, 1967 na 1968. Ile ya 1968 mvua ilinyesha mpaka mito ikafunga barabara. Yaliondoka magari 93, yakafika saba tu. Wa kwanza nani? Nick Nowicki, ndani ya 404!

DATSUN: Ndani ya 404 saluni. Wewe ni stesheni wagoni. Nani alienda kushindana na mlango wa kupakilia viazi?

PEUGEOT: Ukoo ni mmoja.

KAMERA: Tulieni wote wawili, watu tuko kazini. Na acheni kuilaani mvua. Jua la saa sita lingewachoma boneti zikawa nyeupe pe, halafu chini ya bampa kukawa giza tupu. Leo wingu limesambaza mwanga, wekundu wa Datsun umekolea. Tena nta ikiwa nzuri, matone yanasimama juu ya rangi kila moja peke yake. Nikilisogelea tone, naliona hema zima limo ndani, kichwa chini miguu juu.

DATSUN: Basi nipige mimi. Ila usinipige kwa 1/1000 ya sekunde kama jana nilipozungushwa uwanjani. Magurudumu yaliganda, nikaonekana nimeegeshwa.

KAMERA: Hapo una haki. Unatakiwa 1/60, nami nikufuate unavyopita: nyuma yako panakuwa mistari mitupu, tairi zinazunguka. Picha nyingi zinaharibika, moja inatoka. Bosi wangu, mpiga picha, hana subira ya hivyo.

PROBOX: Samahani, wazee wangu. Kamera, hiyo nguo uliyovaa si mfuko wa plastiki? Kenya si ilipiga marufuku tangu 2017?

KAMERA: Hiki ni kifaa cha kitaalamu.

PROBOX: Kina tundu na kimefungwa kwa mpira wa kufungia pesa.

PEUGEOT: Nani amemruhusu huyo kusema? Hapa ni mahali pa magari yenye historia.

PROBOX: Nimeleta viti tu, mzee. Alfajiri nilikuwa sokoni na magunia ya vitunguu, abiria wawili juu yake. Lakini ngoja kidogo... Mzee, si wewe ulikuwa wa steji ya Nakuru? Yule 504 aliyetuachia hiyo steji hakuacha kumtaja 404 mmoja mweupe: watu tisa ndani, kuku juu ya keria.

PEUGEOT: Sikujui.

KAMERA: Subirini niiname. Bosi ana kichujio cha kukata mng'ao. Akikizungusha hivi, mng'ao wa maji unatoweka, mzee anakuwa bwana harusi. Akikirudisha hivi, mng'ao unarudi, naona nguzo za hema mlangoni mwake. Sasa nguzo zenyewe zimenyooka. Mbona kwenye mlango zinapinda mara tatu?

DATSUN: Puti ya kujazia bati!

KAMERA: Na paani maji yanazunguka vituta vinne, viwili huku, viwili huku. Hapo pamezibwa matundu ya boliti.

PROBOX: Keria! Si nilisema?

PEUGEOT: Shusha sauti, majaji wasikusikie... Ndiyo, nilikuwa wa steji. Mteremko wa Mai Mahiu, mwezi wa nne, breki zimelowa, ukungu hadi kwenye kioo, mama mjamzito kiti cha nyuma na konda anamwambia avumilie. Tulifika. Kesho yake tukarudi. Nani alinibandika namba? Uzee uliponishika nikawekwa juu ya mawe kwa mafundi wa Grogan, nikang'olewa taa moja baada ya nyingine, mpaka tajiri huyu akaja. Akaniziba matundu, akanipaka rangi, kisha akaninunulia ushindi wa mwenzangu. Stika, kwa bei ya nyama choma.

DATSUN: Mimi usinicheke, mzee. Nilikimbia kweli, mara moja, nikaishia mtaroni kabla ya chakula cha mchana. Boneti imetoka Japani, milango imetoka Kirinyaga Road, injini hata sijui ilikuwa ya nani. Changu kilichobaki ni kibati chenye namba ya chasisi.

PROBOX: Lakini mzee, si umweleze jaji mambo ya steji? Mbona ni historia nzuri kuliko hiyo stika?

PEUGEOT: Jaji anakagua usafi, mwanangu. Injini, chini ya gari, viti, buti. Karatasi yake haina mahali pa kuandika mama mjamzito.

DATSUN: Haya, wanakuja. Na tajiri yuko mbele, anamnong'oneza mpiga picha.

KAMERA: Anaomba mng'ao ukatwe. Bosi anazungusha kichujio... Nguzo zimeondoka. Mlango umenyooka.

PROBOX: Kumbe na wewe ni fundi bodi!

KAMERA: Fundi bodi angechukua wiki mbili, na angedai pesa ya chai.

DATSUN: Jaji amefungua nyuma. Anapapasa chini ya zulia. Ametoa kitu, amekishika kwa vidole viwili.

PROBOX: Unyoya wa kuku.

DATSUN: Anauliza kama ni wa asili au umewekwa baadaye.

PEUGEOT: Mwambieni ni wa asili. Tena aurudishe alipoutoa, asije akanipunguzia alama.