Sifa za Geti la Bandari

Katika nchi zote ambako meli yetu ilifunga kamba, kitu kimoja hakikuwahi kuniangusha: geti. Soko unaweza kulikuta limefungwa, makumbusho yapo kwenye ukarabati, ufukwe umechafuka kwa mvua. Geti la bandari lipo usiku na mchana, limefungwa, na nyuma yake pana mtu anayetaka kuona kitambulisho. Ngamia amesifiwa, embe limesifiwa, mkuu wa wilaya husifiwa hadi machozi siku anayohamishwa. Geti halijapata hata ubeti mmoja. Deni hilo nimeamua kulilipa mimi.

Sifa zangu si za kusikia. Mimi ni mtu wa Singida. Maji makubwa tuliyo nayo mjini ni maziwa Singidani na Kindai, yote mawili ya chumvi, na chombo kikubwa nilichokijua humo ni mtumbwi. Makontena niliyazoea kabla sijaiona bahari, kwa kuwa malori yanayotoka Dar es Salaam kwenda Rwanda, Burundi na Kongo hupita kwetu kutwa kucha. Ubavuni yameandikwa majina ya kampuni za meli, nasi watoto tulidhani ndiyo majina ya wenye malori. Baadaye nikapata kazi ya udobi kwenye meli ya wanafunzi: meli inayozunguka dunia na chuo tumboni, ina madarasa, maktaba na wahadhiri, na kijana anasoma habari za Ghana akiwa baharini, kisha anashuka Ghana siku nne tano kuhakikisha.

Wazo lenyewe si la jana. Mwaka 1926 meli iitwayo Ryndam iliondoka New York kuzunguka dunia na wanafunzi wapatao 500. Mwaka 1970 C. Y. Tung, tajiri wa meli wa Hong Kong, aliinunua Queen Elizabeth aigeuze chuo; Januari 1972 ikaungua palepale bandarini Hong Kong kabla haijamfundisha mtu. Chuo kiliungua, wazo likabaki, na programu ya Semester at Sea imeendelea kupeleka wanafunzi baharini. Hata Askofu Mkuu Desmond Tutu alipata kusafiri nao akifundisha. Historia inawakumbuka wanafunzi, wahadhiri na askofu. Aliyefua mashuka hatajwi, na huenda ni afadhali, maana angetakiwa kuonyesha kitambulisho.

Turudi kwenye geti. Fadhila zake ndogondogo nazipita mbio. Linatunza akiba, kwa sababu aliyezuiwa hanunui vinyago. Linalinda ndoa. Linaimarisha miguu. Hizo hata mlinzi wa benki anazo.

Fadhila kuu ni kwamba geti limethibitisha umoja wa wanadamu. Mhadhiri wetu wa mambo ya utamaduni alitumia muhula mzima kuwaeleza vijana jinsi mataifa yanavyotofautiana. Angeshuka nami hadi getini angemaliza somo kabla chai haijapoa. Afrika, Ulaya, Asia, geti ni lilelile. Pana kibanda kisichozidi choo cha shule. Ndani pana kiti cha plastiki ambacho mguu mmoja umefungwa waya. Mezani pana kaunta buku lililopigwa mistari kwa mkono: jina, meli, saa ya kutoka, saa ya kurudi, sahihi. Kalamu imefungwa uzi isije ikatoroka, kana kwamba nayo ina pasipoti ya Tanzania. Ukutani kuna kalenda ya mwaka uliopita, chini ya meza chupa ya chai, na mlangoni paka, kiumbe pekee anayepita bila kuulizwa. Lugha hubadilika, ujumbe haubadiliki: subiri pale. Nimeambiwa hivyo kwa lugha ambazo sijui hata salamu zake, na sikuhitaji mkalimani, kwa sababu kidole kinachoonyesha benchi kinaeleweka dunia nzima. Katika bandari moja ya Asia Mashariki mlinzi aliniinamia kwa heshima, akanikatalia, akaniinamia tena. Heshima ya namna hiyo sijaipata hata kwa wakwe zangu.

Ndiyo maana napendekeza UNESCO walifikirie. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na michoro ya miambani ya Kondoa, majirani zetu, mwaka 2006. Kondoa ina michoro ambayo wataalamu bado wanabishana maana yake. Geti lina sahihi za mabaharia, kaunta buku juu ya kaunta buku, ambazo hakuna aliyewahi kuzisoma. Vigezo vimetimia: ni la kale, limehifadhiwa vizuri, na wenyeji hawataki liguswe. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Geti limeuboresha usemi huo: mgeni ngoja, mwenyeji apige simu.

Tena geti limenikuzia ubunifu. Kwa kuwa nchi sikuziona kwa miguu, nilizisoma kwenye suruali. Wanafunzi waliporudi, magunia ya nguo chafu yalishushwa chumba cha dobi, mimi na mwenzangu Mfilipino tukaanza kutalii. Ghana ilikuja na vumbi jekundu kwenye pindo na tiketi ya ngome ya Cape Coast ndani ya mfuko wa nyuma. Moroko ilikuja na mchanga wa jangwani, mwembamba kama unga wa mtama, unaoziba chujio la mashine. Kutoka Kochi, kusini mwa India, vijana waliruka hadi Agra kuliona Taj Mahal, wakarudi na mchuzi wa manjano kifuani. Doa la bizari halitoki kwa sabuni yoyote niliyoijaribu, ukilianika juani ndipo linapofifia, na melini jua la kuanikia nguo hakuna. Vietnam ilikuwa tope la Mekong kwenye soksi. Japani haikuleta uchafu wowote, ila risiti zilizokunjwa mara nne. Mtu akiniuliza kama nimefika Agra, namjibu kwamba nimeisugua.

Sasa niseme jambo moja nje ya kasida.

Mabaharia walionitangulia husimulia enzi ambazo baharia alishuka, akala, akarudi. Mambo yalikaza baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001 kule Marekani. Kanuni mpya za kimataifa za usalama wa meli na bandari zikaanza kutumika Julai 1, 2004, uzio ukapanda, kamera zikafungwa. Sina ugomvi na uzio. Lakini kanuni hizo hazikufuta zile zilizotangulia. Tangu 1965 upo mkataba wa kurahisisha usafiri wa baharini unaosema baharia aruhusiwe kushuka meli ikiwa bandarini, ilimradi taratibu za kuwasili zimekamilika na hakuna sababu ya afya au usalama. Mwaka 2003 Shirika la Kazi Duniani likapitisha mkataba namba 185, kwamba mwenye kitambulisho cha baharia asidaiwe viza kwa kushuka kupumzika tu. Mwaka 2006 ukaja Mkataba wa Kazi za Baharini, ambao unakuhesabia kushuka kuwa sehemu ya afya yako. Karatasi hizo nimezisoma, na ni nzuri. Nchi nyingine hazijaziridhia, nyingine zimeziridhia, na kote kuwili benchi ni lilelile.

Kwa Mtanzania kuna nyongeza. Vijana wetu wanaozamia meli wamejulikana kote kusini mwa Afrika. Mwandishi Sean Christie wa Afrika Kusini alitoa kitabu kizima mwaka 2016 juu ya wale wanaoishi chini ya madaraja ya Cape Town wakivizia meli yoyote inayoondoka. Mzamiaji akigunduliwa baharini, gharama za kumrudisha humwangukia mwenye meli, kwa hiyo woga wa wenye meli na walinzi naujua ulikotoka. Lakini angalia hesabu inavyokwenda. Nikitaka kutoka getini, ni mtoro anayetaka kuingia nchi ya watu. Nikitaka kurudi ndani, ni mzamiaji anayetaka kuingia meli ya watu. Kutoka mtoro, kurudi mzamiaji. Sijui walitaka nikae katikati ya geti lenyewe.

Katika bandari moja ya kusini nilipewa ruhusa fupi, nikaenda kununua chaja ya simu. Niliporudi, mlinzi aliitazama kadi yangu ya meli, yenye picha yangu, kisha akataka kitabu cha baharia. Akafika kwenye uraia.

“Tanzania,” alisema. “Watanzania tunawajua.”

Akaniuliza jina la nahodha. Nikalitaja. Akaniuliza meli inaondoka saa ngapi. Nikamwambia. Akaniuliza jana usiku tulikula nini, nami nikamwambia kwamba wali wa wafanyakazi hauna jina. Hakucheka. Nyuma yangu wakaja wanafunzi, koni za aiskrimu mkononi, wengine kadi zimezama ndani ya fulana; akawapungia mkono wapite. Mmoja akasimama, binti wa miaka kama kumi na tisa, akamwambia mlinzi, “Huyu ni wa kwetu, ndiye anayetufulia.” Geti likafunguka. Kadi yangu na ya yule binti zilitoka mashine moja, plastiki moja, picha kwa picha. Yake ilitosha kunidhamini mimi, yangu haikutosha kunidhamini mimi mwenyewe. Nilimshukuru, na hadi leo inaniuma kwamba kulikuwa na jambo la kushukuru.

Geti halina kosa. Ni chuma, halijui Singida wala Chicago. Anayejua ni aliyekalia kile kiti cha plastiki, ambaye amepewa ufunguo na mshahara mdogo, na ambaye siku nzima hakuna kitu kingine kinachomhakikishia kwamba yeye ni mtu mzito isipokuwa mimi kusimama mbele yake. Mikataba imeandikwa na watu wasiowahi kukaa kwenye benchi, na inatekelezwa na watu ambao hawajapelekewa nakala. Nilipoacha kazi na kurudi nyumbani, nilijiambia kwamba hayo basi, Singida hakuna bandari.

Bandari hakuna, ila mageti tunayo. Msimu wa vitunguu nilimsindikiza shemeji yangu, mke wa kaka, na magunia matatu juu ya guta. Tukakutana na beria: bomba la chuma, jiwe limefungwa upande mmoja, kamba upande wa pili, kijana chini ya mwavuli. Kiti kilikuwa cha plastiki. Mguu mmoja ulikuwa na waya. Nilikaribia kumkumbatia.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu.”

“Hivyo vitunguu vimelipiwa ushuru?”

Shemeji si mtu wa kubabaishwa. Alimweleza kwamba tangu bajeti ya mwaka 2017 serikali ilisema anayetoa mazao halmashauri moja kwenda nyingine, kama hayazidi tani moja, asitozwe. Magunia matatu hayafiki hata nusu tani.

“Tani ni za bungeni mama,” kijana alisema kwa upole. “Hapa ni getini.”

Nikaingilia kati. Nilimtajia mwaka, nikamtajia bungeni, nikaongeza na mkataba namba 185 kwa bahati mbaya ya mazoea. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, “Kaka, wewe ni nani? Una kitambulisho?” Mfukoni nilikuwa na kitabu cha baharia tu. Alikifungua, akasoma, akawaita wenzake waliolala chini ya mgunga. “Njooni muone, baharia wa Singida!” Walicheka vizuri, bila chuki, na mmoja akaniuliza meli nimeiegesha wapi.

Shemeji alilipa. Alipoomba risiti, aliambiwa mashine imepelekwa dukani kuchajiwa, akae kwenye benchi.