Mbuzi wa Kamati

Tangu niwe mzazi wa mwanafunzi hapa Kibaha, sijakutana na mtu aliyekosa zawadi ya bahati nasibu ya shule kwa sababu tu hakuwa na bahati. Kila aliyekosa kadhulumiwa. Mmoja kadhulumiwa na mweka hazina, mwingine na mtoto aliyechomoa tiketi, mwingine na ndoo. Waliopata nao wote wamepata kihalali, kwa rehema za Mungu na subira yao wenyewe.

Msidhani wazazi wa Kibaha ni wakorofi. Mji huu umelelewa na mizani. Miaka na miaka malori ya barabara ya Morogoro yalipimwa hapa, kabla kazi hiyo haijahamia Vigwaza, na mtu aliyekulia jirani na mizani hutaka kuona kila kitu kikipimwa mbele ya macho yake. Halafu ni mji wa shule. Pale Tumbi, Shirika la Elimu Kibaha lilitokana na mradi wa nchi za Nordiki ulioanza mwaka 1963, na watu wakapata sekondari, hospitali na chuo cha maendeleo ya wananchi. Katika habari zote za mradi ule sijasikia Mswidi aliyepita nyumba kwa nyumba na kitabu cha tiketi za kushindania mbuzi.

Sisi tunapita. Elimumsingi bila malipo ilianza Januari 2016, na miongozo ya elimu ikasema mchango wa mzazi ni wa hiari, tena mtoto asirudishwe nyumbani kwa sababu mzazi wake hajachanga. Ni jambo jema, nami nalishukuru kila Januari. Lakini mlango wa choo hauelewi waraka. Ukishaoza umeoza, na choo cha wasichana hakiwezi kusubiri bajeti kikiwa wazi. Na mzazi ukimwomba shilingi elfu moja ya mlango, atakuuliza serikali iko wapi. Mwambie elfu hiyohiyo inaweza kumpatia mbuzi, atakuuliza kama unazo tiketi mbili za namba zinazofuatana.

Kamati ya shule yetu, ambayo jina lake nalihifadhi kwa kuwa bado nina mtoto darasa la tatu, ikachapisha tiketi 300. Zawadi zilikuwa kumi, zote za kuchangwa: mbuzi dume, jogoo wawili, doti za kanga, mfuko wa saruji, dumu la mafuta ya kupikia, kreti ya soda na mifuko ya sukari ya kuzibia mapengo. Siku ya kuchezesha tulikaa chini ya mwembe wa shule. Mgeni rasmi akahutubia mpaka jogoo mmoja akaanza kumjibu. Kisha akaletwa mtoto wa darasa la kwanza, akafungwa kanga machoni, ndoo ya tiketi ikawekwa mbele yake.

Sukari ya kwanza ikaenda kwa mjumbe wa kamati. Tukapiga makofi. Jogoo akaenda kwa wifi yake mwenyekiti. Makofi yakapungua. Mwalimu wa michezo akasogeza kipaza sauti, akatangaza namba ya mbuzi, na aliyenyanyuka alikuwa mweka hazina mwenyewe. Hapo alipiga makofi mtu mmoja tu, naye alikuwa mumewe.

Jioni ile kundi la WhatsApp la wazazi liligeuka kituo cha upelelezi. Ikumbukwe kwamba mweka hazina wetu anauza barafu za ubuyu na ukwaju. Basi tuhuma ya kwanza ikajiandika yenyewe: tiketi yake ililala kwenye friji, na mtoto aliambiwa achague karatasi ya baridi. Nilijaribu kuuliza ni karatasi gani ya baridi inayoweza kuvumilia hotuba ya mgeni rasmi kwenye jua la saa saba la Pwani. Nikajibiwa kwamba maswali ya aina hiyo huulizwa na watu waliopewa soda.

Tuhuma ya pili ilihusu kanga. Ilidaiwa ilikuwa imefuliwa mara nyingi hadi ikawa chujio, kwa hiyo mtoto alikuwa akisoma namba. Mwalimu wa darasa la kwanza akaingia kumtetea mwanafunzi wake: hata kama aliona, hajui kusoma. Utetezi ule ulizima tuhuma moja ukawasha nyingine, na siku mbili nzima mbuzi akasahauliwa, wazazi wakadai maelezo kuhusu ufundishaji wa kusoma na kuhesabu.

Tuhuma ya tatu ilimwangukia msimamizi. Kampuni kubwa zinapochezesha bahati nasibu zao, magazetini huonekana ofisa wa Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, ile iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, amesimama kando kuhakikisha taratibu zinafuatwa. Kwetu nafasi hiyo ilishikwa na mwenyekiti wa mtaa. Alikuwa makini sana. Kila namba ilipotajwa alichungulia mfuko wa shati lake, kwa kuwa naye alikuwa na tiketi nne.

Mimi si mtu wa hesabu, lakini ugomvi wa majirani humfundisha mtu mengi. Nikaomba kuona kitabu cha mauzo. Kumbe wazazi tuligawiwa vitabu tukauze, na wengi wakavirudisha vikiwa vizima kama vilivyotoka kiwandani. Huyu alisafiri, yule alipata msiba, wa tatu kitabu chake kililiwa na mbuzi, ingawa si huyu wa zawadi. Zilibaki tiketi 60. Wajumbe wa kamati walioahidi milango mbele ya mtendaji wa kata wakaona aibu, wakazinunua wenyewe.

Sasa twende taratibu. Mwenye tiketi 60 kati ya 300 ameshika moja ya tano ya bahati yote iliyopo. Zawadi zikiwa kumi, kwa wastani mbili zitamwangukia. Ama uwezekano wa kamati kuambulia angalau zawadi moja ni kama asilimia 90. Kwa hiyo ajabu ingekuwa kamati kutoka mikono mitupu; siku hiyo ndiyo ningeomba polisi waje na mbwa.

Tena kuna suala la ndoo. Vitabu vilivyouzwa vikawahi kurudi vilikatwa mapema, vipande vyake vikakunjwa vikawekwa chini. Vya kamati vilinunuliwa dakika za mwisho, vikakaa juu. Mtoto wa darasa la kwanza akifungwa macho mbele ya umati hazamishi mkono mpaka kwenye kitako cha ndoo. Anashika cha juu akimbie kwa mama yake. Wamarekani waliwahi kuingia kwenye mtego huohuo kwa jambo zito zaidi. Tarehe 1 Desemba 1969 walichezesha bahati nasibu ya kuamua vijana gani watangulie kuitwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Tarehe za kuzaliwa zilitiwa kwenye vidonge vya plastiki, vikaingizwa mwezi baada ya mwezi, vikachanganywa kivivu. Waliozaliwa mwishoni mwa mwaka, hasa Desemba, wakaitwa mapema kupita kiasi, na wataalamu wa takwimu wakapata la kuandika. Kama taifa lililokuwa limetoka kumpeleka mtu mwezini Julai ya mwaka huohuo lilishindwa kukoroga vidonge, sembuse kamati yetu na ndoo ya rangi iliyooshwa nusunusu?

Niliyaeleza haya kikaoni. Nilisema tuhuma ni ya kweli ila mwizi hayupo: kamati ilipendelewa, na aliyeipendelea ni sisi tuliorudisha vitabu. Wazazi walinisikiliza kwa adabu ya watu wanaosubiri umalize. Kisha baba mmoja, fundi pikipiki, akasimama na kuuliza, "Mzee mwenzangu, kwa hesabu hizo zako, Mugabe naye alinunua tiketi ngapi?"

Kikao kizima kikaangua kicheko, maana kisa hicho kinajulikana. Januari 2000, benki ya Zimbank ya Zimbabwe, ambayo serikali ilikuwa na hisa ndani yake, ilichezesha bahati nasibu ya wateja wake. Zawadi ilikuwa dola 100,000 za Zimbabwe, na karatasi iliyochomolewa ilikuwa na jina la Rais Robert Mugabe. Mshereheshaji alisema karibu asiamini macho yake. Mbele ya kisa kama hicho, mtu ukisimama na asilimia zako unaonekana umetumwa. Nikakaa. Jambo moja nililigundua nikiwa nimekaa: kikao cha mapato na matumizi, ambacho miaka yote huhudhuriwa na walimu pamoja na kuku wa jirani, siku hiyo kilikosa viti. Hakuna mwaliko wa barua uliowahi kufanya kazi hiyo.

Tukapiga kura. Pendekezo la kwanza lilikuwa kamati isinunue tiketi kabisa. Likapita, na muhula uliofuata tukalitekeleza. Haki ilitendeka waziwazi, mshindi wa mbuzi alikuwa mama asiyejulikana na mtu yeyote, na fedha zikapungua kwa kiasi kilekile kilichokuwa kikitoka mifukoni mwa kamati. Mlango mmoja wa choo ukakosekana. Wasichana wakabaki na vyoo vitatu vyenye milango na kimoja chenye haki.

Tukarudi kikaoni, tukaboresha. Azimio jipya, ambalo mpaka leo limo kwenye kitabu cha kumbukumbu kwa mwandiko mzuri wa mwalimu mkuu msaidizi, linasema: wajumbe wa kamati wataendelea kununua tiketi zitakazobaki, ila hawataruhusiwa kushinda. Wote tulinyoosha mikono isipokuwa wajumbe wenyewe, ambao walikuwa saba tu. Mweka hazina alitutazama kwa muda, akauliza kama anaweza walau kuuza barafu siku ya kuchezesha. Tukamwambia suala hilo litahitaji kikao kingine.

Sifa za azimio letu zikafika Kisarawe. Kwenye ramani tumepakana, wote wa Mkoa wa Pwani. Kwa daladala utaingia Dar es Salaam kwanza, ubadilishe magari, upande vilima vya Pugu ndipo ukaone mikorosho ya wakwe zangu. Kisarawe si wageni wa kuchangishana. Jokate Mwegelo alipokuwa mkuu wa wilaya aliendesha kampeni ya Tokomeza Zero, na elimu ya Kisarawe ikawa habari ya mjini. Ya kijijini kwa shemeji yangu ilikuwa ndogo zaidi: madawati machache, na mbuzi mmoja wa kuvuta watu.

Kule kikwazo cha kwanza kilikuwa kamari. Ustadhi alisema kununua tiketi kwa kutarajia mbuzi hakukai vizuri. Kamati ikageuza maneno: hakuna tiketi, kuna mchango, na majina ya wachangaji yatawekwa kwenye ndoo ili mmoja apewe mbuzi kama shukrani. Ustadhi akatoa elfu tano, akasema, "Jina langu msilitie." Tangu hapo akawa mtu pekee kijijini asiyeshukiwa, na wote wakataka yeye ndiye achomoe. Akasema hata ndoo hatashika.

"Sasa shemeji," akaniuliza kaka wa mke wangu, "nyie Kibaha mliwezaje?"

Nikawaeleza azimio. Walilipenda, wakaliongezea kipengele: kama mjumbe haruhusiwi kushinda, basi na ndugu yake asiruhusiwe. Majina yakasomwa kwa uhakiki. La kwanza: huyo ni mtoto wa shangazi yake mwenyekiti, toa. La pili: kaolewa na binamu wa katibu, toa. La tatu: ni mjomba wa watu wote, toa. Wazaramo wa kijiji kile wameoana na kuzaana hata ukifuatilia vizuri utakuta mtu ana undugu na mbuzi. Mimi mwenyewe nilitolewa kwa kosa la ukwe. Kufikia alasiri ndani ya ndoo ilibaki karatasi moja, ya mwalimu wa hisabati, Mnyamwezi wa Tabora.

Utaratibu ni utaratibu. Mtoto akafungwa kanga machoni, ndoo ikatikiswa mara tatu mbele ya mashahidi, akaingiza mkono akapapasa muda mrefu kuitafuta ile karatasi pekee. Ikafunguliwa. Mwenyekiti akasoma jina kama mtu asiyejua litakuwa la nani, na mwalimu akaja mbele akitabasamu.

Lakini Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara ya kwenda pwani, na mtani hana mali mbele ya mtani. Bibi mmoja akamvua kamba ya mbuzi mkononi, akamuuliza kama kwao Tabora mgeni huondoka na mbuzi wa wenyeji bila hata kusema asante. Mwalimu alijua sheria, hakubisha. Jua halijazama, supu ilikuwa inagawiwa kijiji kizima, wakiwemo wajumbe wote na ndugu zao. Yeye alipata miguu na ngozi.

Kikao kilichofuata alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Alitaka kujua nani aligawa nyama, na ini lilikwenda wapi. Wazee wakaangaliana, wakaridhika kwamba kijana sasa amekuwa mwenyeji, na palepale wakampendekeza awe mweka hazina. Alikaa chini haraka.