Chai ya Ukoko

King'ora cha moshi cha Kijapani hakilii tu, kinasema. Mama mkwe alikuwa rakaa ya tatu ya adhuhuri, nami nimesimama jikoni juu ya kikaango cha mchele mweusi tititi, sauti ya kike ilipotoka darini: "Kaji desu! Kaji desu!" Yaani, moto! Moto! Mama hakukatisha sala. Alitoa salamu kulia na kushoto, akakunja mswala bila haraka, kisha akamwinamia mjukuu wake wa mwezi mmoja.

"Kazi, kazi... Hebu muulize baba yako, ni kazi gani hiyo isiyokwisha?"

Mama alikuja Osaka kutoka Pemba kumlea binti yake mpaka arobaini ipite, na mimi na yeye tuna haya zetu. Mkwe ni mkwe. Mimi humwamkia asubuhi, yeye huitika marahaba huku akiangalia pembeni, na baada ya hapo kila alilotaka kuniambia lilipitia kwa mtoto. Kwa hiyo mtoto yule, kabla hajajua kushika njuga, alikuwa tayari ameshabeba ujumbe mwingi kuliko tarishi wa posta.

Chanzo cha moshi ule ni maandazi. Mtoto alipozaliwa akawa analia usiku kucha, tukampelekea jirani wa chini sahani ya maandazi ya kumwomba radhi. Huku ukipokea kitu haupiti muda nawe unarudisha kitu. Siku ya pili bibi yule akapanda ngazi na pakiti ya genmaicha, akainama mara tatu, akashuka. Genmai ni mchele uliotolewa kapi tu, haujakobolewa ukawa mweupe. Cha ndiyo chai, neno lilelile letu: lilitoka Uchina, la kwao likavuka bahari, la kwetu likazunguka kwa Uajemi na Uhindi. Nikafungua. Majani ya kijani yamechanganywa nusu kwa nusu na punje za mchele uliokaangwa, na hapa na pale punje moja moja imepasuka nyeupe kama bisi.

Nikaipika kama mtu aliyelelewa vizuri anavyopika chai. Sufuria, maziwa, sukari, iliki mbili nilizozipondaponda, tangawizi, na moto mpaka ichemke ipande ishuke. Ilipanda. Ilishuka. Ikawa na rangi ya maji ya bwawa, na mchele ukaelea juu ukiwa umevimba.

"Hii umepika chai," mke wangu aliuliza, "au bokoboko?"

Kosa lilikuwa la jani. Chai yao na yetu ni mti mmoja, lakini jani la Kericho au la Mufindi husagwa likaachwa ligeuke rangi kabla ya kukaushwa. La Kijapani hupigwa mvuke mara tu linapochumwa, na ndiyo maana hubaki kijani. Ukilichemsha linakutolea uchungu na hasira zake zote. Genmaicha mara nyingi hutiwa bancha, majani magumu ya mavuno ya baadaye, yale mororo ya kwanza yakiwa yameshakwenda kwa wenye nazo. Mke wangu, anayesoma Kijapani kunishinda, alinisomea nyuma ya pakiti: maji yanayochemka, gramu 10 za chai kwa mililita 240, sekunde 30, basi. Sekunde 30! Sisi kwa muda huo bado tunatafuta chujio.

Nikafuata sheria. Mvuke uliponifikia puani nilikaa chini kabisa, maana haukuwa mvuke wa Japani. Ulikuwa ukoko. Ule wa chini ya sufuria ya nyanya yangu, aliyepalilia wali kwa makaa juu ya kifuniko, nasi wajukuu tunagombea kijiko cha kukwangulia. Ukoko ndani ya kikombe, na nyuma yake ukijani kidogo wa majani mabichi.

Mama naye alionja. Alikunywa hadi mwisho kwa adabu, akashukuru kupitia kwa mtoto. Usiku nikamsikia nyuma ya mlango akimnong'oneza binti yake: "Mwanangu, mna shida gani? Mumeo kaninywesha maji ya kurowekea sufuria."

Pakiti iliisha kwa wiki. Nikaanza kutafuta. Ya kwanza ya dukani ilijaa bisi na vumbi. Bisi ni urembo tu, ladha iko kwenye punje nzima iliyoiva kahawia. Ya vifuko ilinuka boksi. Nyingine ilikuwa imenyunyiziwa matcha, chai ya kijani iliyosagwa unga, ikatoka kijani cha kupendeza kama rangi ya mlango wa msikiti, ila mchele haukusikika kabisa. Hatimaye, katika mtaa wa soko lenye paa, nilifuata harufu mpaka kwa mzee mwenye mashine ya kukaangia majani mbele ya duka, moshi wake ukitangaza biashara kuliko kibao. Genmaicha yake ilikuwa ndiyo yenyewe. Mke wangu aliitazama risiti, hakusema neno, akaibandika kwenye friji usawa wa macho yangu. Tunaishi kwa posho ya masomo yake.

Basi nikaamua kutengeneza mwenyewe. Bancha ni rahisi kupata na bei yake si ya kutisha. Mchele niliununua kwa muuza mchele, ambaye hukukobolea palepale kadiri upendavyo, na aliniuliza mara tatu kama kweli siutaki ukobolewe. Nikautupa mkavu kwenye kikaango cha moto. Matokeo ndiyo hayo, kaji desu. Nje mkaa, ndani mbichi. Safari ya pili nikapunguza moto, nikakoroga dakika 40 mpaka mkono ukafa ganzi. Nikapata changarawe. Maji niliyoyamimina juu yake yalibaki maji.

Mama alikuwa ameketi mlangoni na mtoto mapajani, amevumilia vya kutosha.

"Mwambie baba yako mchele haukaangwi una kiu."

Nikasimama na mwiko wangu.

"Mwambie aulize waliokula pepeta."

Pepeta! Mpunga mchanga wa mabonde ya Pemba, unakaangwa kwenye chungu na kutwangwa kwenye kinu ungali moto. Mwanamke huyu alikuwa akikaanga mpunga kabla sijazaliwa, nami siku zote namfukizia moshi kwenye mswala wake.

Kuanzia hapo amri zikawa zinashuka kwa mtoto, mimi natekeleza. Mchele ukarowekwa usiku kucha. Asubuhi ukapigwa mvuke mpaka punje ikaiva bila kupasuka. Mama akataka ungo. Nikamletea zaru, sinia la mianzi ambalo Wajapani huanikia vyakula. Akaligeuza, akaligonga ukingo kwa kucha, akalitikisa tupu mara mbili kama anapepeta. "Ni ungo," akamthibitishia mtoto. "Ila hauna jina la mwenyewe."

Ulikuwa Januari, hewa kavu, jua la bure. Tukaanika kwenye roshani. Kunguru wa Osaka ni ndugu wa kunguru wetu, tabia moja, na mama aliwalinda siku mbili kwa ncha ya kanga iliyofungwa kwenye ufagio. Kila baada ya muda alitafuna punje moja. Siku ya pili jioni punje ikalia ka! chini ya jino. Akaitikia kwa kichwa.

Kukaanga nilipewa mimi, gao moja moja, moto wa kati, kikaango kisitulie. Ulipita rangi ya majani makavu, ukaingia ya asali, ukaanza kunukia. Nilitaka kungoja kidogo.

"Mwambie atoe. Akingoja rangi ya karafuu kachelewa."

Nikamimina kwenye zaru, na kweli ukaendelea kuiva hapohapo kwa joto lake. Punje tano au sita zikapasuka nyeupe. King'ora kikakaa kimya. Tukauacha upoe kabisa, kwa sababu mchele wenye joto ukigusana na majani unayatia unyevu, kisha nikachanganya kijiko kwa kijiko na bancha.

Nikatia kwenye kyusu, lile buli dogo lenye mkono ubavuni. Nikahesabu 30 kwa sauti. Nikamimina vikombe vitatu kwa zamu, kidogokidogo, ili ukali ugawanyike sawa, na tone la mwisho nikalitikisia kwenye kikombe cha mama.

Alinusa. Akanywa. Akanyamaza kiasi kwamba mke wangu aliacha kumfunga mtoto nepi.

"Baba," akasema, na safari hii hakumtazama mtoto. "Nitilie tena."

Nikamtilia. Akavuta bakuli la sukari, akaweka vijiko viwili, akakoroga.