Mtoto wa Miaka Minne na Mpira wa Saa 10

Safari ya familia kwenda mpirani na mtoto wa miaka minne ni shughuli ya siku nzima ambayo ndani yake mna dakika 90 za kabumbu. Kwa familia ya Ngombezi, kata ya mashamba ya mkonge huko Korogwe, mechi kubwa iliyo karibu ni ya Coastal Union, Wagosi wa Kaya, katika uwanja wao wa nyumbani wa Mkwakwani mjini Tanga, umbali wa kilomita zipatazo 100. Ligi ya Tanzania ilizoea kuanza mechi saa 10 jioni tangu enzi ambazo viwanja vingi havikuwa na taa na ilikuwa lazima mpira uishe kabla jua halijazama. Kwa wachezaji saa hiyo ina nafuu, kwani joto la Tanga limeanza kupungua. Kwa mtoto ndiyo saa ambayo usingizi wa mchana, alioukataa kwa machozi, unarudi kudai haki yake.

Matatizo huanza usiku wa kuamkia mechi, pale mtu mzima asiyejua kutunza siri anapomwambia mtoto kwamba kesho wataondoka mapema, mpira ni saa 10. Mtoto huamka saa 10 kweli, ila ya alfajiri, na kuiamsha nyumba nzima. Wazazi wenye uzoefu hutangaza safari wakiwa tayari stendi.

Suala la jezi nalo lina mgogoro wake. Mkoa wa Tanga una timu zake, lakini humo humo nyumba nyingi zimegawanyika kati ya Yanga, iliyoanzishwa 1935, na Simba, iliyofuatia 1936. Baba akiwa Simba na mjomba akiwa Yanga, mtoto hupata jezi mbili na kufundishwa nyimbo mbili, kila moja kwa siri. Siku Yanga wanapokuja Mkwakwani, baba anayeishangilia Coastal kwa nguvu zote (si kwa mapenzi ya Coastal tu, kila mtu anajua) hugundua katikati ya jukwaa kwamba ndani ya sweta mwanawe amevaa kijani na njano. Mjomba siku hiyo huwa hapokei simu.

Kutoka Ngombezi, bodaboda huifikisha familia stendi ya Korogwe, na hapo hupandwa Costa ya kwenda Tanga kupitia Segera na Muheza. Sheria isiyoandikwa ya usafiri ni kwamba mtoto anayepakatwa halipi nauli. Konda humtazama mtoto mguuni kisha kichwani, mama humkunja ili apungue, na mtoto, ambaye juzi tu alifundishwa kujitambulisha, hutangaza kwa sauti kwamba yeye ni mkubwa na atakwenda shule. Nauli huokolewa na babu, aliyekuja kwa kisingizio cha kusaidia kulea. Msaada wake ni kusimulia ubingwa wa Coastal Union wa 1988 kwa undani ambao ungemfanya msikilizaji adhani yeye ndiye aliyekuwa akipiga kona zote. Konda huchoka kabla babu hajafika nusu ya msimu, akasogea kwa abiria wengine.

Muheza ni nchi ya machungwa. Yanauzwa dirishani yakiwa yamekwisha kumenywa, na mtoto hula matatu. Hesabu ya machungwa hayo hulipwa baadaye.

Uwanjani, tatizo ambalo vitabu vya malezi havijalitaja ni adabu. Mtoto aliyelelewa vizuri amefundishwa kuamkia wakubwa, na jukwaani wakubwa wamejaa. Huanza mwanzo wa mstari: shikamoo, shikamoo, shikamoo. Kila mmoja hulazimika kuacha mpira na kuitikia. Ubaya zaidi humpata shabiki aliyesimama, mishipa ya shingo imemtoka, akiwa katikati ya sentensi inayomhusu refa na ukoo wake. Huguswa goti, akainama, akakuta uso mdogo unaosubiri. Sentensi ile haimaliziki tena. Mtu hawezi kusema “marahaba, hujambo baba” kisha akarudi kwenye matusi alipoachia. Huketi, akanunua karanga, akampa mtoto nusu. Kama wasimamizi wa soka wangelijua hili, wangeweka mtoto mmoja kila mstari.

Baada ya salamu huja maswali. Kwa nini yule wa golini peke yake ndiye anashika? Yule mwenye kibendera anamuita nani? Refa yuko timu gani? (Swali hili la mwisho hupigiwa makofi na jukwaa zima.) Mtoto wa Ngombezi, aliyekua akionywa kila siku asichomwe na ncha za mkonge, huuliza pia kwa nini wachezaji wanajiangusha chini na kulia wakati majani yale hayana miiba. Baba hujaribu kueleza maana ya kuotea, na ndani ya dakika mbili huwa naye haielewi.

Ndipo machungwa ya Muheza yanapodai chao. Mtoto hatangazi haja yake mpira ukiwa umetoka nje. Huitangaza mshambuliaji akiwa ameivuka nusu ya uwanja. Baba huomba njia mbele ya magoti ya mstari mzima, ambao wote sasa ni marafiki wa mtoto na kila mmoja anataka kumuaga. Wakishafika chooni, mtoto husema haja imekwisha. Wakianza kurudi, huwa imerejea. Wakiwa humo husikika mngurumo wa uwanja, ule mrefu ambao una maana moja tu. Wanaporejea, babu, aliyekuwepo, hana msaada: alikuwa amegeuka kumwonyesha jirani upande ambao bao la 1988 liliingilia.

Kipindi cha pili mtoto hulala, na mtoto aliyelala ana uzito usiolingana na chakula anachokula. Bao likifungwa sasa baba anaruhusiwa kufurahi kwa macho tu. Babu humwita mjukuu wake “mume mwenzangu” na huapa kwamba atampokea, kisha hulala naye.

Filimbi ya mwisho ikilia, kiatu kimoja huwa hakipo. Hutafutwa chini ya jukwaa kwa tochi ya simu hadi magari ya mapema yameondoka, kisha hupatikana ndani ya kikapu cha mama, alikokiweka mwenyewe kisipotee. Giza limeshaingia. Costa ikianza kutembea mtoto huamka akiwa mpya kabisa, na kutoka hapo hadi Segera abiria wote huimbiwa wimbo wa mjomba.

Kesho yake majirani hupewa ripoti kamili: palikuwa na karanga, palikuwa na mbuzi nje ya uwanja, na babu alikoroma. Anayetaka kujua mechi iliisha ngapi asimsumbue baba wa mtoto. Amuulize dereva wa Costa, aliyeisikiliza yote redioni.