Hakuna Tokeni Inayoanza na Tisa

Jana usiku wapangaji wenzangu hapa Ifakara walinicheka mpaka sasa masikio yananiwaka. Uniti zilikuwa zimeisha, tukachanga, dada wa saluni akaenda kununua umeme. Simu yake ilikuwa imezima, hivyo wakala akamwandikia zile tarakimu 20 za LUKU kwenye kipande cha boksi. Mzee wa chumba cha uani akamulika tochi, dada akasoma, mimi nikabonyeza.

"Tisa," akaanza.

"Haiwezi kuwa tisa."

"Kaka, imeandikwa tisa!"

"Hakuna tokeni inayoanza na tisa." Nikaanza somo, giza lote lile.

Mita yetu haina laini ya simu wala intaneti. Haijui kama umelipa. Inachokijua chote kimo ndani ya nambari ile: umenunua uniti ngapi, tokeni ilitengenezwa dakika gani, na yote yamefichwa kwa ufunguo wa mita hiyo moja, ndiyo maana tokeni ya jirani haikufai hata uibembeleze. Chukulia ni swichi 66, kila moja imewaka au imezima. Namna za kuzipanga ni mbili kwa kipeo cha 66, yaani 73,786,976,294,838,206,464. Kila tokeni iko chini ya hapo, kwa hiyo tarakimu ya kwanza ikizidi sana ni saba. Ukianza na punje moja ya mchele, ukaifanya mbili, kisha nne, ukaendelea hivyo mara 66, dunia nzima italima mpunga zaidi ya miaka elfu mbili bila kuonja wali hata kidogo.

Na nambari yenyewe ina madaha! Ni mraba wa 8,589,934,592, na papo hapo ni kipeo cha tatu cha 4,194,304. Igawe kwa mbili, na tena kwa mbili, utashuka vizuri mpaka moja. Kwa tatu haigawanyiki kamwe.

"Ndio sisi hao," akadakia mzee. "Vyumba vitatu, mchango sawa. Huyu dada ana draya, mimi nina balbu moja."

Ukazuka ugomvi mwingine. Katikati ya makelele mtoto mmoja akachukua boksi, akasema hiyo si tisa, ni nne iliyofungwa juu, akabonyeza. Taa ikawaka. Wakamshangilia mtoto. Mimi niliyesema tangu mwanzo nikaambiwa niache kuchelewesha watu.

Mwaka 2024 ilikuwa afadhali kidogo: hesabu ya dakika tangu 1 Januari 1993 iliyomo kwenye tokeni ilikuwa inakaribia kufika 16,777,216, yaani nane kipeo cha nane, na kuishiwa nafasi tarehe 24 Novemba. Ndiyo maana tukaingiza makundi ya ziada ya tarakimu 20. Hakuna aliyetaka kujua kwa nini, lakini angalau hakuna aliyenicheka.

Kinachoniuma ni hiki. Mitambo ya umeme ya Kidatu, megawati 204, tunaipita tukitoka Mikumi. Maji yanayozungusha Kihansi, megawati 180, yanaingia mto Kilombero, na Kilombero ndio unaoubeba mto Rufiji mpaka Bwawa la Nyerere, megawati 2,115. Mafuriko tunabaki nayo sisi. Wiki iliyopita nguzo ilianguka kwa mvua, tukalala gizani huku mita imejaa uniti, na dada wa saluni akadai arudishiwe mchango wake.